Maji Aliyoogea Injinia

Siku ya kuniaga pale karakana, kati ya soda na hotuba, kijana mmoja wa upande wa pampu aliniuliza kazi yangu ya kwanza ilikuwa ipi. Nikamjibu kwamba nilikuwa namwaga maji ya nyumba yenye magurudumu mawili. Wakacheka wote, wakidhani natania. Kwa kuwa sasa asubuhi zangu hapa Mwisenge hazina shughuli zaidi ya kugombana na kuku wa jirani, nimeona niwaandikie ilivyokuwa. Vyeo na mishahara nitavipita. Vyeo vimo kwenye faili, na mshahara wa miaka ile ulikuwa wa kusimulia tu, maana hata ukiupata hukuwa na cha kununua.

Nilianza kazi Musoma katika miaka ya shida. Vita ilikuwa imekwisha, na maduka yalikuwa yamebaki rafu tupu. Sukari tuliipata kwa foleni, mafuta ya kupikia kwa kujuana, na sabuni hatukuipata kabisa. Watu walifulia maji ya majivu na majani ya mpapai. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu cha bomba, nikitegemea kupewa majengo marefu. Nikapewa tela.

Lilikuwa tela dogo la bati jeupe, la aina ambayo Wazungu huvuta nyuma ya gari wakienda mapumzikoni. Lilikuja na mradi wa maji, pamoja na mashine za kutafuta maji chini ya ardhi. Mtaalamu aliyekuja nalo alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, akarudi kwao, na tela likabaki. Ndani kulikuwa na vitanda viwili vya kukunja, jiko la gesi lisilo na gesi, sinki la ukubwa wa sufuria ya wali, choo cha kasha, na kijichumba cha kuogea ambacho mtu mnene angeingia kinyumenyume. Maji safi hayakuwa na shida, tuliyajaza kwa ndoo. Shida ilikuwa yanakotokea yakishatumika.

Aliyenifundisha alikuwa Fundi Magoti, mzee wa Majita mwenye vidole vinene ambavyo usingedhani vingeweza kushika kitu kidogo kama wosha, kile kipete cha mpira cha kuzuia bomba lisivuje. Asubuhi ya kwanza aliniambia nilale chini ya tela na shati langu jeupe la chuoni.

"Lala, mura," akasema, yaani kijana. "Bomba linajulikanaga kwa chini."

Akamwaga maji kwenye sinki, akaniuliza yanatokea wapi. Akamwaga bafuni, akaniuliza tena. Baadaye akaniuliza kwa nini ya bafuni yamechelewa. Sikujua. Akanipa pimamaji nikaiweka sakafuni, nikaona tela limeinama upande usiokuwa na tundu. Tukaweka jeki, tukasukuma jiwe bapa chini ya gurudumu, maji yakaenda. Hadi leo kijana akiniletea habari ya bomba lililoziba, mimi kwanza nauliza nyumba imekaaje. Nusu ya mabomba yanayozibuliwa Musoma hayakuwa yameziba.

Fundi Magoti alikuwa na sheria yake, kwamba maji ya tela ni ya aina tatu na hayaruhusiwi kukutana. Ya kuoga na kufulia yanaingia tanki dogo la chini, kisha shimoni. Ya jikoni yanapita kwanza kwenye kipande cha chandarua ili mafuta na punje za ugali zibaki, maana mafuta yakishaingia shimoni, mchanga haunywi tena. Ya choo hayamwagwi popote isipokuwa kwenye choo cha shimo cha mtu aliyekubali kwa kinywa chake, tena ukamwage mwenyewe na usimtume mtu. Shimo la maji ya kuoga lichimbwe chini ya mteremko na mbali na kisima, litiwe kokoto, mchanga na mkaa, halafu lifunikwe. Vipuri havikuwepo. Mpira wa kutolea maji ulipopasuka tuliushona upya kwa mpira wa ndani wa tairi la trekta, na wosha tulizikata kwenye soli za kandambili. Kandambili za kushoto tu, alisema Mzee, kwa sababu za kulia huisha haraka. Sijawahi kujua kama alikuwa anatania.

Aliyekuwa analala kwenye tela hilo ni Injinia Kamugisha, mtu wa ng'ambo ya ziwa, Bukoba. Kazi yake ilikuwa kwenda vijijini kupima mahali pa kuchimba visima vya pampu. Alikuwa mrefu, mkimya, na msafi kupita kiasi. Alioga asubuhi, akaoga jioni, na tukitoka porini na vumbi alioga na mchana. Dada yake aliyekuwa akiishi Nairobi alikuwa akimtumia sabuni ya kuogea yenye harufu ya maua na ndimu, na harufu hiyo ilimtangulia popote alipokwenda. Wafanyakazi wengine walimsema kwa hilo. Mimi sikumsema, kwa sababu nilikuwa nalala chini ya tela hilo kila siku nikikaza nati, na kati ya harufu zote za kule chini hiyo ndiyo iliyokuwa nafuu yangu.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Butiama. Ardhi ya pale nilipoegesha ilikuwa na mawe, na shimo likanishinda kwenda chini. Nikaliacha fupi. Siku chache baadaye ng'ombe wakaanza kuja. Walikuja asubuhi, wakasimama kuzunguka shimo kama watu wa mkutano, wakilamba kokoto. Injinia alikuwa anapenda maharage yenye chumvi nyingi, na siku hizo chandarua kilikuwa kimechanika, maji ya jikoni yakawa yanaingia shimoni pamoja na mabaki ya maharage yenyewe. Mwenye ng'ombe, mzee mmoja mwenye fimbo, akaja kuniona.

"Kijana, umewapa nini ng'ombe zangu?"

"Chumvi, mzee. Sikukusudia."

"Sasa jioni nawaita hawaji. Wananiangaliaga kama mgeni." Akatazama lile shimo kwa muda. "Chumvi hii mnapata wapi?"

Nikashona chandarua, nikazungushia shimo matawi ya miiba na kulifunika mawe bapa, na kachumvi kidogo tulikokuwa nako nikamgawia yule mzee. Tangu hapo, kabla sijachimba shimo lolote nimekuwa nikiuliza kwanza ni nani mwingine hapa ana kiu. Hilo halimo kwenye vitabu vyenu.

Nitaruka mbele kidogo nigusie Bunda, kisha nirudi nyuma, kwa sababu Bunda ilikuja baada ya biashara kufunguliwa na sitaki kuja kuisema mwisho. Milango ilipofunguliwa, bidhaa zilimwagika pale stendi ya Bunda hadi watu wakawa wanatembea polepole ili waone tu. Mitumba, betri, mafuta, na sabuni za kila rangi. Tela letu lilikuwa limeegeshwa karibu na maghala ya pamba, na kila aliyepata kibarua cha kutufulia alitia sabuni ya unga kama anakomoa mtu. Povu lilitoka kwenye tanki, likapanda juu ya mpira, likafunika shimo. Majani yote ya pembeni yakaungua. Ilibidi nichimbe mashimo mawili ya kupokezana. Vijana, mkiona povu jingi msifurahi, ardhi hailipendi. Lakini nakiri kwamba siku ya kwanza nilipoliona povu lile la Bunda nilikaa juu ya ndoo nikalitazama tu, kwa sababu ya jambo lililotokea Kiriba kabla ya hapo.

Kiriba tulifika katikati ya shida yenyewe. Gari lilituvuta hadi karibu na zahanati, mahali penye mteremko mzuri kuelekea ziwani, kisha likarudi Musoma kutafuta dizeli. Halikurudi upesi. Tukabaki pale mimi na Injinia, tukila mihogo na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, yeye akienda kwa miguu na mashine yake kupima mashamba, mimi nikitunza tela. Shimo nililichimba mbali na ziwa, nikaliwekea kokoto safi. Naweza kusema lilikuwa shimo bora kuliko yote niliyowahi kuchimba, na nililipenda.

Nesi wa zahanati aliitwa Nyangeta. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa huko huko, na ndiye aliyezalisha karibu watoto wote waliokuwa wanapita mbele yetu wakienda shule. Asubuhi moja alikuja, akasimama kando ya mpira wangu wakati nafungulia tanki. Maji ya Injinia yakatoka na povu lake jeupe na ile harufu. Nyangeta akachuchumaa, akachota kwenye kiganja, akasugua vidole. Vikateleza.

"Mura, wewe ndiyo unamwagaga haya?"

"Ndiyo, Nesi."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni."

Nyuma yake alikuwa amekuja na mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, ambaye alikuwa amekaa juu ya chuma cha kuvutia tela kwa sababu hakuweza kusimama muda mrefu. Huyo ndiye Nyasatu. Alikuwa ametoka kijiji cha mbali akaja kukaa kwa shangazi yake karibu na zahanati, asubiri siku zake. Nesi hakuzunguka, alinieleza palepale. Mtoto wa kwanza wa Nyasatu kitovu chake kiliingia uchafu, akakakamaa, akafa kabla hajapewa jina. Ilikuwa mwaka uliotangulia. Mashuka ya zahanati na vitambaa vya kumfungia mtoto sasa vilikuwa vinafuliwa kwa majivu peke yake, na majivu hayakuwa yanatoa damu ya zamani.

"Sabuni tulikuwaga tunaletewa na gari la dawa," akasema. "Gari lenyewe sasa haijagi. Mimi nikipata haya maji, nafulia, halafu nachemsha na maji safi, naanika juani. Kuchemsha kuni zipo. Sabuni ndiyo sina."

Nyasatu alikuwa anatazama maji yanavyoingia shimoni, na mimi nikafunga koki.

Nilimweleza Injinia mchana, wakati wa chai isiyo na sukari. Nilidhani ni jambo la kusema mara moja likaisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Hapana, fundi."

"Ni maji ya kumwaga tu, Injinia."

"Ni maji niliyoogea. Yana nongo zangu." Aliangalia mikono yake. "Kwetu mama alikuwa anayamwaga mwenyewe, nyuma ya migomba, hata dada hakuruhusiwa kuyashika. Hayaendi kwenye nyumba ya watu. Wewe yamwage shimoni, yafukie. Nimekuomba."

Wenzangu, nilikasirika. Lakini nisiwe mwongo, nilimwelewa pia. Mama yangu mwenyewe alikuwa akikata kucha anazihesabu kabla ya kuzitupa chooni, asije mtu akamroga nazo, na nywele zangu za kinyozi alizichoma moto hadi nilipooa. Mtu anaweza kusoma hesabu zote za dunia na bado kitu kile kikabaki palepale alipokiweka mama yake. Injinia hakuwa akiwadharau wale wanawake. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na aibu kwamba anaogopa, na vyote viwili vilionekana usoni.

Nikaenda kumwambia Nesi. Nilijiandaa kwa maneno makali, lakini hayakuja.

"Hata mimi ya kwangu nisingetoa," akasema. "Mwambie sina kinyongo." Kisha akachukua beseni lake la majivu akaendelea kusugua. Nyasatu alikuwa amelala kwenye mkeka kivulini mwa ukuta, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Nilirudi kwenye tela nikiwa sina hamu ya kumwona mtu.

Siku zilizofuata niliona jambo kwenye tanki. Maji ya asubuhi yalitoka bila povu. Ya jioni vilevile. Yalikuwa na rangi ya vumbi tu, kama maji aliyooshea mtu miguu. Nikafikiri kuna mahali panavuja, maji ya sabuni yanatoroka kabla hayajafika tankini. Fundi Magoti alinifundisha kwamba tundu dogo chini ya sakafu ya bafu linaweza kuozesha tela zima bila mtu kujua. Nikalala chini, nikapapasa kila kiungo. Pakavu. Nikafungua bomba lote, nikalitazama kwa mwanga wa jua, halina tundu. Nikafukua hata lile shimo langu zuri, nikanusa mchanga. Hakukuwa na harufu yoyote.

Nikiwa na matope hadi viwikoni nikapita zahanati kuomba maji ya kunawa. Kwenye kamba ya kuanikia kulikuwa na mashuka. Hayakuwa meupe sana, mashuka ya zamani hayarudi ujana, lakini damu ilikuwa imetoka. Upepo ulipotoka ziwani ukayapeperusha kuja upande wangu, nikaisikia. Maua na ndimu.

Nesi aliniona nimesimama.

"Alikuja mwenyewe," akasema. "Alikuja mvua inanyesha, amefunga sabuni kwenye gazeti. Kipande kizima na kingine kilichoanza. Nikamuuliza, na wewe utaoga na nini? Akaniambia anacho kingine."

"Hana kingine, Nesi."

"Najua hana. Ndiyo maana nakwambia wewe."

Sikumwambia Injinia kwamba najua. Nilimwona siku moja akichuma majani ya mpapai nyuma ya nyumba ya shangazi yake Nyasatu, akatazama huku na huku kama mtu anayeiba, akayatia chini ya koti. Mtu aliyekuwa akitangulizwa na harufu yake alianza kukaa mbali kidogo na watu wakati wa kuongea. Kola ya shati lake jeupe ikawa na rangi ya vumbi. Wenzangu, kama mngekuwa mnamjua, mngejua hilo lilimgharimu kuliko njaa. Nilichoweza kufanya nilikifanya. Nilichekecha majivu ya kuni nyembamba, nikayalowesha, nikachuja yale maji mara mbili kwa kile chandarua cha jikoni mpaka yakawa angavu, nikayaweka kwenye debe mlangoni kwake. Jioni debe lilikuwa tupu, limeoshwa, limegeuzwa. Kesho yake nikalijaza tena. Hatukuzungumza juu ya lile debe hata neno moja, na tuliendelea hivyo.

Nyasatu alijifungua mtoto wa kike. Tulisikia vigelegele asubuhi, na Injinia ambaye alikuwa anafunga kamba za viatu aliacha kufunga akabaki ameinama. Kisha zikaja zile siku ambazo kila mtu pale alikuwa anahesabu moyoni bila kusema, siku ambazo yule wa kwanza alikakamaa. Injinia hakwenda porini. Alisema mashine ina tatizo. Mashine haikuwa na tatizo, jana yake nilikuwa nimembebea mimi na ilifanya kazi. Alikaa kwenye ngazi ya tela akiangalia mlango wa zahanati, na kila Nesi alipotoka alisimama, na kila alipopita bila kutuita alikaa tena.

Kitovu kilianguka kikavu. Nesi alikuja kutuambia mwenyewe, akiwa amejifuta mikono kwenye gauni. "Ananyonya vizuri," akasema, na Injinia akaingia ndani ya tela akafunga mlango.

Walipomtoa mtoto nje, Nyasatu hakwenda kwanza kwa jirani wala kanisani. Alikuja kwetu, amefuatana na Nesi, amemfunika mtoto kwa kimoja cha vile vitambaa vya zahanati. Alikuwa mwembamba, amechoka, na anacheka. Injinia alisimama kumpokea akiwa na mikono nyuma ya mgongo.

"Nimeleta umuone," Nyasatu akasema.

"Namuona, mama. Hongera sana."

"Mpakate."

Injinia akarudi nyuma hatua hadi bati la tela likamzuia. "Mama, samahani. Mimi siku hizi sijaoga vizuri. Nitamchafua."

Nyasatu akamtazama kola yake, akamtazama usoni, wala hakujifanya kwamba hajaona.

"Na hapa Kiriba nani anaogaga vizuri?" akasema. "Ni huyu tu."

Akamweka mikononi mwake. Injinia alimshika vibaya, viwiko juu, kama watu wanavyoshika kitu cha wenyewe, mpaka Nesi akamshusha mkono mmoja. Mtoto akapiga chafya. Injinia akainamisha uso kwenye kile kitambaa, na nilijua anasikia nini pale, kwa sababu hata mimi nilipokuwa nimesimama niliisikia ile harufu. Hakuinua uso haraka. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Nesi akageuka akatazama ziwa.

Mimi nilikwenda nyuma ya tela nikafungua koki. Tanki lilikuwa tupu, lakini nilihitaji mahali pa kuangalia.